Mvulana Jikoni, Binti Mtoni



Jumapili moja ya mwaka jana, baada ya Misa, sisi wazazi wa jumuiya yetu hapa Ankoro tulikaa chini ya miembe kuzungumza juu ya malezi ya watoto. Baba mmoja, mvuvi, mtu mpole, akasimama, akavua kofia yake, akasema: "Wazee wangu, mimi nina shida. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na mmoja. Hapendi mpira, hapendi kuwinda ndege. Akitoka masomoni humchukua mdogo wake, humfunga mgongoni kwa kikwembe, kisha huketi jikoni na mama yake kutwanga sombe. Nimemkemea, nimemchapa, haachi. Watu wananicheka. Nifanye nini?"

Kweli watu wakacheka. Mmoja akasema: "Mnunulie sketi!" Mwingine akasema: "Mpeleke machimboni Manono, huko atajua kuwa mwanamume." Kicheko kikazidi, na yule baba akaketi, kofia mkononi, akitazama chini.

Mimi sikucheka. Katekista akaniona, akaniuliza: "Mwalimu, wewe huna neno?" Nikamjibu kwamba neno ninalo, lakini ni refu, tena linanitia haya, si la kusemwa kwa kusimama. Basi leo naliandika, ili yule baba alisome, na wazazi wengine pamoja naye.

CHUNGU CHA NYANYA

Wasiojua Ankoro nawaambie kwamba sisi tunakaa mahali mto Luvua, utokao ziwa Mweru, unapokutana na mto Lualaba. Maisha yetu yote ni maji. Mitumbwi, ambayo sisi huiita mabwato, hupita mchana na usiku. Merikebu zitokazo Bukama kwenda Kabalo hupita kwetu. Wanaume huvua samaki na kuchonga mitumbwi; wanawake hulima mihogo, hutwanga, hupika, hubeba maji na kuni. Hivyo ndivyo nilivyoyakuta mambo nilipozaliwa, nami nikadhani kwamba Mungu mwenyewe aliyapanga hivyo siku ya sita.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mungu alitujalia watoto wanne. Wa kwanza binti, wa pili mvulana, na wadogo wawili nyuma yao.

Binti yangu alipenda mto kuliko kitu chochote. Mjomba wake, ndugu ya mke wangu, ni mvuvi. Mtoto huyu alimfuata mjomba wake kama kivuli. Akiwa na miaka kumi tu alijua mahali maji yanapozunguka na mahali yanapotulia, alijua upepo utakaoleta mvua, na alijua kushika kafi upande wa nyuma, yaani pale anapokaa mwenye kuongoza. Mimi nilimkataza. Nikamwambia: "Mkono wako ni wa mwiko, si wa kafi. Nani ataoa msichana anayenuka mto?" Akaitikia, "Ndiyo, baba." Kumbe mjomba wake aliendelea kumfundisha alfajiri, kabla mimi sijaamka.

Mvulana alikuwa kinyume chake. Mtoni alikwenda kuoga tu, akarudi. Penye moto wa mama yake ndipo palipokuwa kwake. Alijua kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi, alijua kupima unga kwa jicho, na bukari aliyoisonga yeye haikuwa na donge hata moja. Mtoto mchanga akilia, ni yeye aliyenyamazisha. Mke wangu alifurahi, maana afya yake haikuwa imara. Mimi nilinuna.

Siku moja ya mwaka 2001 walimu wenzangu walikuja kwangu kula. Chakula kikaletwa, bukari na samaki wa mawese. Wakala, wakalamba vidole. Mmoja akaita: "Mama, leo umetupikia kweli!" Mwanangu, miaka kumi na mmoja, alikuwa amesimama mlangoni na maji ya kunawa. Uso wake ukang'aa. Akasema: "Ni mimi niliyepika."

Walimu wakaangua kicheko. Mmoja akasema: "Mwalimu, hongera, umepata binti mwingine!"

Ndugu wasomaji, hasira ya mtu anayeogopa kuchekwa ni hasira mbaya sana. Niliondoka mezani, nikaingia jikoni, nikakipiga teke chungu kilichokuwa bado juu ya mafiga. Kilikuwa chungu cha udongo, alichokifinyanga mama yangu kwa mikono yake kabla hajafa. Kikavunjika. Mchuzi ukamwagika katika majivu. Nikapiga kelele ili wageni wasikie: "Katika ukoo wetu wanaume hawapiki!"

Mtoto hakulia. Aliinama, akaokota vigae kimoja kimoja, akavipanga kando ya ukuta kama mtu atakayekuja kuviunga. Tangu siku ile hakupika tena mbele yangu. Wala hakuniambia tena neno lolote la moyoni mwake. Mimi nikajisifu kwamba nimemnyosha.

NOVEMBA 2002

Wazee wa hapa hawahitaji kukumbushwa mwezi wa Novemba 2002. Vita iliingia Ankoro. Watu wengi waliuawa, nao hawakuwa na silaha. Nyumba kwa maelfu ziliteketea kwa moto, kwa kuwa zilikuwa za nyasi. Watu wakatawanyika porini na ng'ambo ya mito.

Mimi sikuwapo. Miaka ile ya vita mishahara haikutufikia, nasi walimu tulijitafutia riziki kama tulivyoweza. Nilikuwa nimekwenda vijijini kwa baisikeli, nikichuuza chumvi na mafuta ya mawese. Nilipopata habari njia ilikuwa imefungwa. Nikakaa siku nyingi bila kujua kama jamaa yangu wako hai.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa baadaye. Mke wangu alikuwa kitandani, ana homa kali. Mtoto wa mwisho alikuwa na miezi mitano. Milio ya bunduki ilipokaribia, majirani wakakimbia, kila mtu na wake. Mjomba hakuwapo, alikuwa amevua mbali. Lakini mtumbwi wake mdogo ulikuwa umefichwa katika matete, na binti yangu alijua ulipo.

Usiku ule, msichana wa miaka kumi na minne alimlaza mama yake ndani ya mtumbwi, akawaketisha wadogo zake, akashika kafi. Mvua ilikuwa imekwisha anza, mto ulikuwa unajaa, na mwezi hakuna. Watu wazima walioogopa maji wakati ule walibaki ukingoni. Yeye alivuka. Mke wangu aniambia kwamba binti hakusema neno ila moja tu, katikati ya mto: "Msitikisike, najua hapa." Mkono ule nilioupangia mwiko ndio uliowavusha watu watano.

Ng'ambo walitembea na wengine mpaka kijiji kimoja cha mbali. Mke wangu hakuwa na nguvu, na maziwa yake yalikauka kwa ajili ya homa. Hapo mvulana akaanza kazi yake. Alimfunga mdogo wake mgongoni, akambeba siku zote za safari. Aliomba unga kidogo kwa watu, akapika uji mwepesi, akauchuja kwa kitambaa, akampa mtoto tone kwa tone kwa kidole chake. Usiku alimlaza kifuani ili asipate baridi ya mvua. Wachanga kadhaa walikufa katika njia ile. Wetu hakufa.

Siku ya kumi na moja niliwakuta. Niliingia katika kijiji kile nikisukuma baisikeli, nikauliza nyumba kwa nyumba. Nikamwona mwanangu kwa mbali, mgongo kwangu, amechutama mbele ya moto, anakoroga kopo. Mtoto yupo mgongoni mwake, amelala, shavu limebonyea kwenye bega la kaka yake. Nikaita jina lake.

Aligeuka, akaniona. Na sasa nitawaambia jambo ambalo sitalisahau mpaka kaburini. Hakunikimbilia. Aliruka juu, akaanza kufungua kile kikwembe upesi upesi, mikono ikimtetemeka, ili amshushe mtoto kabla sijafika. Na kwa mguu alilisukuma lile kopo mbali naye, kama mwizi anavyosukuma kitu cha wizi.

Mtoto aliyemwokoa ndugu yake aliogopa kwamba baba yake atamkuta anafanya hivyo.

Nilitupa baisikeli. Nikapiga magoti katika matope, mimi mwalimu, watu wakitazama, nikamkumbatia yeye na mtoto pamoja. Nikamwambia: "Usifungue. Mwanangu, usifungue." Ndipo akalia, na mimi nikalia.

KAZI YA KIKE NI IPI?

Baada ya mambo yale nilianza kujiuliza yale ambayo mwalimu alipaswa kujiuliza mapema. Nilikuwa nimesema: katika ukoo wetu wanaume hawapiki. Lakini ulikuwa uongo! Babu yangu mzaa baba alikuwa mpishi wa Wazungu wakati wa Wabelgiji. Alivaa aproni nyeupe, alijua kuoka mkate na kukaanga nyama, alilipwa mshahara, na ukoo mzima ulijivunia jina lake. Hakuna aliyemwambia kwamba ni mwanamke. Basi, kumbe kupika kwa mshahara ni kazi ya kiume, na kupika kwa kumpenda mama yako ni aibu? Tufikiri.

Tazameni tena soko letu. Nani wanaokaa barazani na cherehani wakishona nguo za wanawake? Ni wanaume, karibu wote. Lakini kijana akishika sindano nyumbani kushona suruali yake iliyopasuka, dada zake humcheka. Tazameni shamba. Tunasema mwanamke ni dhaifu. Lakini nani anayetoka shambani na kikapu cha mihogo kichwani, kuni juu yake, mtoto mgongoni, na mume yuko mbele ameshika panga tu? Tazameni vyungu: kwetu ni kazi ya wanawake. Lakini nabii Yeremia alipotumwa kwenda nyumbani kwa mfinyanzi, alimkuta mwanamume kwenye gurudumu lake. Mungu hakumwambia nabii acheke. Alimwambia atazame ajifunze.

Hata wazee wetu Waluba, kabla ya Injili kufika, hawakuona mwanamke kuwa kitu cha jikoni tu. Fimbo za machifu na viti vyao vya enzi vilichongwa sura za wanawake. Mfalme mkuu alipokufa, aliyekaa mahali pake kutunza ukumbusho wake alikuwa mwanamke, naye aliitwa Mwadi. Alikaa katika makao ya marehemu na kuheshimiwa kama mfalme. Siwaambii kwamba turudie ibada zile, sisi ni Wakristu. Nasema tu kwamba mtu anayetetea dharau yake kwa kusema "ndiyo desturi ya mababu" mara nyingi hazijui desturi za mababu.

Basi nikaona kwamba mambo mengi tuyaitayo "ya kike" na "ya kiume" ni mazoea. Mwanamume ni mwanamume na mwanamke ni mwanamke kwa kuumbwa na Mungu. Haibadiliki kwa sababu ya mwiko au kafi. Mwanangu hakuwa binti kwa kupika, wala binti yangu hakuwa mvulana kwa kuvuka mto. Kila mmoja alikuwa yeye, na kipaji chake.

MAANDIKO MATAKATIFU

Tukifungua Maandiko tunakuta nini? Tunamkuta Isaka na wana wawili. Esau alikuwa mwindaji, mtu wa porini, na baba yake alimpenda kwa ajili ya nyama. Yakobo alikaa hemani, akapika dengu. Hila alizozifanya hatuzisifu, lakini Mungu hakumkataa kwa kuwa alijua kupika. Kwake yalitoka makabila kumi na mawili ya Israeli.

Tunamkuta Debora, mwamuzi wa watu, akiketi chini ya mtende, na Waisraeli wakimpandia kuleta mashauri yao. Jemadari Baraka alikataa kwenda vitani bila yeye. Tunamkuta yule mke mwema asifiwaye mwishoni mwa kitabu cha Mithali. Wengi hufikiri kwamba anasifiwa kwa kusokota nyuzi tu. Someni vizuri: anachagua shamba na kulinunua, anapanda mizabibu, anafanya biashara.

Na Bwana wetu mwenyewe? Baada ya kufufuka, mitume walipokuwa wamevua usiku kucha, walimkuta ufukoni amewasha moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mfalme wa mbingu na nchi aliwapikia wavuvi chakula cha asubuhi. Usiku ule kabla ya kuteswa alijifunga kitambaa, akawaosha miguu, kazi ambayo Petro aliiona haimfai. Na habari ya ufufuko aliwapelekea mitume kwa kinywa cha mwanamke, Maria Magdalena. Nilipoyawaza hayo mbele ya tabernakulo, nilikumbuka chungu cha mama yangu, nikaona haya.

BINTI WA WAMBA

Tena tunao mfano wetu wenyewe, wa nchi yetu ya Kongo. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwaka 1939, katika nyumba iliyojaa mabinti: walikuwa sita. Baba yao alitaka mtoto wa kiume. Kwa kuwa mkewe hakumzalia, alimwacha, akaoa mwingine. Fikirini: nyumba ilivunjika kwa sababu watoto ni wasichana!

Binti huyu alipotaka kuwa mtawa, mama yake hakupenda, kwa sababu alimtegemea. Wengi walidhani kwamba msichana ana njia moja tu, kuolewa na kuzaa. Yeye akaifuata sauti aliyoisikia moyoni, akaingia shirika la Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, wakati wa maasi, aliuawa kwa kuwa alikataa kuuvunja usafi wake, naye akamsamehe aliyemwua. Tarehe 15 Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa. Mama yake alikuwapo duniani kuiona siku ile.

Yule baba alilia kukosa mwana wa kulibeba jina lake. Leo jina la nyumba ile latajwa altareni, nalo limebebwa na msichana.

Na katika mambo ya serikali pia macho yetu yameona. Mwaka 1966 Sophie Kanza alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu, miaka sita tu baada ya uhuru. Mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu. Kati ya miaka hiyo miwili njia ilikuwa ndefu. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mapatano mbele ya sheria. Binti yangu aliyaonja hayo. Mwaka 2014 alitaka kununua mota ya mtumbwi kwa mkopo. Akaambiwa kwanza alete karatasi ya mumewe. Mkwe wangu ni mtu mwema, akaandika bila maneno. Lakini wangapi hawakuandikiwa? Mwaka 2016 sheria ile ilirekebishwa, na sharti hilo likaondolewa.

SHAURI KWA WAZAZI

Sasa nimjibu yule baba aliyeuliza chini ya miembe.

Kwanza, mtazame mtoto kabla ya kumhukumu. Vidole vya mkono havilingani, na mkono ni mmoja. Jiulize: jambo hili afanyalo, je, ni dhambi? Je, linamdhuru yeye au mwenzake? Kama si dhambi wala si hatari, basi unachokilinda ni heshima yako tu mbele ya majirani. Lakini sisemi kila apendalo mtoto ni kipaji. Mvulana akijificha jikoni kwa kukwepa hesabu, huo ni uvivu. Msichana akienda mtoni saa ya masomo, huo ni utoro. Uvivu uuonye, utoro uuonye, uongo uuonye. Kipaji usikionye.

Pili, gawa kazi za nyumbani kwa umri na kwa nguvu, wala si kwa sketi na kaptula. Katika nyumba nyingi msichana hurudi masomoni pamoja na kaka yake. Yeye hutumwa maji, kuni, kinu na vyombo mpaka giza, na kaka yake huketi na daftari. Mwisho wa mwaka, binti akishindwa mtihani, tunasema: "Wasichana hawana akili." Akili anayo, ila hakuwa na saa! Mvulana naye asiyejua kupika uji atafanya nini siku mkewe atakapolala na homa? Mimi najua jibu, nimeliona kwa macho.

Tatu, linda ulimi. Ukimwambia mwanao, "Wewe mwanamke!" kwa kumtukana, unamfundisha kwamba mama yake ni tusi. Ukimwambia binti, "Wewe dume!" kwa kuwa ana ujasiri, unamfundisha kwamba ujasiri si mali yake. Maneno haya ni mepesi kwa asemaye, lakini mtoto huyabeba miaka mingi.

Nne, kwa walimu wenzangu. Nakiri kosa langu. Kwa miaka mingi, darasani kwangu, wasichana walifagia na kuniletea maji, wavulana walipima uwanja kwa kamba na kushika rula ya ubao. Sikuona ubaya. Lakini nilikuwa natoa somo kila asubuhi bila kufungua kitabu. Tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ilipofanywa bila malipo mwaka 2019, madarasa yamejaa watoto, wasichana na wavulana. Tusiwape viti vya kukaa tu. Fagio liende zamu kwa wote, na rula vilevile.

Tano, ewe baba, omba msamaha ukikosa. Huwezi kupungua kitu. Kanisa linatufundisha sote kuungama, wala halikusema: isipokuwa baba kwa mtoto wake.

WALIPO LEO

Mtataka kujua watoto wale walikuwaje. Binti yangu ameolewa, ana watoto wanne. Ana mtumbwi wa mota, hubeba samaki na unga mpaka Kabalo. Wapo watu waliomcheka, na sasa hupanga mizigo yao kwake kwa sababu hajazamisha hata gunia moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeviunda ni mjomba wake, kwa siri, alfajiri, wakati baba yake mwalimu amelala.

Mwanangu ni muuguzi katika kituo cha afya. Kazi yake ni watoto waliodhoofika kwa kukosa chakula. Huwapima mikono kwa utepe, huwapima uzito, kisha huketi na mama zao mbele ya moto na kuwaonyesha kupika uji wa mahindi, soya na karanga. Siku za kwanza akina mama walistaajabu kumwona mwanamume anakoroga uji. Sasa wamezoea. Yule mchanga wa miezi mitano amekuwa kijana mrefu kuniliko, naye humwita kaka yake "mama wangu wa pili," na wote wawili hucheka.

Nami nacheka pamoja nao. Lakini sitawaficheni kitu. Mwanangu alinisamehe tangu siku ile ya matope, aliniambia kwa kinywa chake. Walakini, mpaka leo, akija nyumbani na kuniandalia chakula, kabla ya kuweka sahani hunitazama usoni kwanza. Ni kitambo kidogo sana, mtu mwingine hawezi kuona. Mimi naona. Chungu nilikivunja kwa teke moja mwaka 2001, na vigae bado vimepangwa pale ukutani.

Kwa hiyo, wewe ndugu yangu mvuvi, uliyevua kofia na kuuliza, shauri langu ni hili. Jioni ya leo ingia jikoni. Usiseme mengi. Keti karibu na mwanao, mwulize anapika nini, na akikupa, onja. Ikiwa chumvi imepungua, mwambie imepungua. Ikiwa ni nzuri, msifu mbele ya watu, kwa sauti ile ile unayosifia wavulana wa mpira. Wakicheka majirani, waache wacheke. Mwanao asikufungulie kikwembe kwa hofu siku utakapomhitaji.

Mtakatifu Yosefu, aliyepewa Mtoto asiyefanana na watoto wengine, wala hakumzuia kuwa vile Baba yake wa mbinguni alivyomtuma kuwa, atuombee sisi wazazi.